Kabla Hujalala Kwenye Kitanda cha Kairopraktiki

Misuli ya nyuma ya paja langu la kushoto ilichanika siku tatu baada ya kutoka kwa tabibu wa kairopraktiki, tiba ya kusukuma uti wa mgongo na viungo kwa mikono. Nilikuwa nimehudhuria kila wiki kwa miezi mitano, sijakosa hata mara moja, maana niliambiwa kwamba uti wa mgongo ukikaa sawa mwili haujeruhiki ovyo. Tulikuwa kwenye mazoezi ya mbio fupi, mzunguko wa sita. Nilihisi kama nimepigwa jiwe nyuma ya paja. Hatua mbili mbele nikawa nimekaa chini, nimeshika mguu.

Sisimulii haya kwa kuichukia tiba hii. Tiba hiyohiyo, mikononi mwa mtu mwingine, ilinisaidia kurudi kukimbia. Ila kati ya tabibu wa kwanza na wa pili nilijifunza mambo ambayo ningetamani mtu angenieleza mapema.

Chanzo chenyewe kilikuwa kiuno. Nilikuwa nikikimbia kilomita 25 kwa wiki, mashindano yakakaribia, nikapandisha hadi 45 ndani ya wiki tatu. Kiuno kikakaza. Asubuhi kuinama kufunga kamba za viatu kukawa shughuli nzito. Wenzangu wa mbio wakaniambia, nenda kanyooshwe mgongo. Nikaenda.

Tabibu wa kwanza alinipiga picha ya eksirei, akanionyesha pingili mbili, yaani mifupa midogo ya uti wa mgongo, alizosema zimehama, akanipangia vipindi 30 vya kulipia kwa mkupuo. Kinga ni bora kuliko tiba, alisema. Hakuniuliza nakimbia kilomita ngapi. Lakini nakiri kwamba siku ile ya kwanza nilipata nafuu ya kweli: alinilaza ubavu, akakunja goti langu, akasukuma kwa haraka, pakalia "ko!", nami nikashuka kitandani nikigeuka kulia na kushoto bila kukunja uso. Nafuu ile ndiyo iliyonifanya niamini na mengine yote aliyosema.

Kwa hiyo tuanze na mlio huo, kwa sababu wengi hudhani ni mfupa unarudi mahali pake. Sivyo. Ndani ya kiungo mna maji yanayolainisha. Nyuso mbili za kiungo zikitenganishwa ghafla, mgandamizo ndani yake hushuka na uwazi wa gesi hutokea ndani ya maji hayo. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walivuta vidole ndani ya mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, wakaona uwazi huo ukijitokeza pale mlio ulipotoka. Pingili haikuwa imehama, na haikurudishwa. Kinachoelekea kuleta nafuu ni kwamba msukumo ule wa haraka huamsha mishipa ya fahamu iliyozunguka kiungo, misuli iliyojikaza hulegea, na maumivu hushuka kwa muda. Kwa muda, narudia. Kwangu ilikuwa siku mbili, pengine tatu.

Fikra ya pingili kuhama ina asili yake. Tiba hii ilianzishwa mwaka 1895 na Daniel David Palmer katika mji wa Davenport, jimbo la Iowa, Marekani. Yeye aliamini kwamba karibu maradhi yote hutokana na pingili zilizokaa vibaya na kubana neva. Matabibu wengi wa leo wameiacha imani hiyo, wakabaki na kile kinachoweza kupimwa: maumivu ya mgongo, shingo na viungo. Lakini wapo wanaoishikilia bado, na mwanamichezo asiyejua tofauti hiyo anaweza kuingia mlango wowote. Mimi niliingia mlango huo.

Na kile kinachoweza kupimwa si kidogo. Mwaka 2017 Chuo cha Madaktari cha Marekani, katika mwongozo wake wa maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, kiliweka tiba ya kusukuma pingili kwa mikono miongoni mwa njia za kujaribu kabla ya dawa, pamoja na joto, kukandwa na mazoezi. Uingereza, mwongozo wa mwaka 2016 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba huko, unaikubali pia, kwa sharti ambalo mimi sasa nalishika kama kanuni: iende pamoja na mazoezi, isisimame peke yake. Katika michezo ya juu matabibu hawa si wageni. George Goodheart aliteuliwa kuwa tabibu wa kwanza wa kairopraktiki katika timu ya Olimpiki ya Marekani, michezo ya Lake Placid mwaka 1980.

Lakini kutuliza kiuno kinachouma ni jambo moja, na kuzuia paja lisichanike ni jambo jingine kabisa. Hapo ndipo nilipopotoka.

Fikiria misuli ya nyuma ya paja inafanya nini unapokimbia kwa kasi. Mguu unarushwa mbele, goti linanyooka, na misuli hiyo inapaswa kuuzuia mguu huku yenyewe ikiendelea kurefuka. Inafanya kazi ya breki. Breki dhaifu hukatika. Hakuna mkono wa tabibu, hata uwe hodari vipi, unaoweza kuitia misuli hiyo nguvu ukiwa umelala kitandani. Nguvu huja kwa kuibebesha mzigo, mara kwa mara, wiki baada ya wiki.

Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la British Journal of Sports Medicine ulijumlisha majaribio 25 yenye watu zaidi ya 26,000. Mazoezi ya nguvu yalipunguza majeraha hadi chini ya theluthi moja. Kunyoosha viungo, ambako ndiko wengi wetu tunakotegemea, hakukuonyesha kinga yoyote. Mwaka 2019 jarida hilohilo likachapisha mjumuisho mwingine kuhusu zoezi moja tu: unapiga magoti, mwenzako anakushika vifundo vya miguu, unashuka mbele polepole mwili ukiwa umenyooka kutoka magotini hadi kichwani, ukijizuia kwa misuli ya nyuma ya mapaja hadi ishindwe. Timu zilizoliweka zoezi hilo katika ratiba zao zilipunguza majeraha ya misuli hiyo kwa karibu nusu. Halihitaji kifaa. Miezi mitano ile niliyolala kitandani kila wiki, ningekuwa nimelifanya mara arobaini.

Tabibu wa pili nilimwendea nikichechemea, na kusema kweli nilikwenda kwa ajili ya kiuno, kwa kuwa paja nilishakata tamaa nalo. Alinikalisha karibu saa nzima kabla ya kunigusa. Aliuliza kilomita za kila wiki, nalala saa ngapi, viatu vina umri gani, nilipandisha mazoezi lini. Akanisimamisha kwa mguu mmoja niinue kisigino mara nyingi kadiri niwezavyo: kulia 26, kushoto 14. Akanilaza kifudifudi, akanizuia kisigino kwa mkono nami nikijaribu kukunja goti. Tofauti ya miguu miwili niliihisi mwenyewe kabla hajasema neno.

Kisha akasukuma kiuno, mlio ukatoka, nafuu ikaja kama zamani. Ila hapohapo, kabla nafuu haijapoa, alinishusha sakafuni tuanze mazoezi. Alieleza hivi: maumivu yakishuka, una nafasi fupi ya kufanya harakati ambazo jana mwili ulizikataa, basi itumie. Nimekutana na maelezo mengi juu ya kairopraktiki tangu hapo na sijaona lililo sahihi kuliko hilo. Tulionana mara tano ndani ya wiki saba. Mara ya sita alikataa kunipangia. Aliniambia niendelee na mazoezi na nirudi tu kama kuna jambo jipya.

Ukitaka kumpima tabibu wako, mpime kwa maswali anayokuuliza. Asiyejua unachezaje, mara ngapi na umebadilisha nini karibuni hawezi kujua kwa nini umeumia. Mwenye kukuuzia vipindi vingi kabla hajaona mwili wako unaitikiaje ananufaika na wewe kurudi, si wewe kupona. Eksirei kwa kila anayeingia si uangalifu. Kwa maumivu ya kawaida ya mgongo haibadilishi tiba, na watu wengi wasioumwa popote wana migongo yenye dosari kwenye picha. Uliza amesomea wapi na kama amesajiliwa pale ambapo sheria inataka usajili. Shahada ya kazi hii huchukua miaka minne hadi mitano, wala si kozi ya wikiendi.

Kuna mahali mikono hii haipaswi kwenda kabisa, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Kama umeanguka au umegongwa na kuna shaka ya kuvunjika, hospitali kwanza. Kifundo cha mguu kikiteguka na huwezi kupiga hatua nne kwa mguu huo, kapigwe picha kabla mtu hajakigusa. Ganzi katikati ya mapaja, sehemu unayokalia tandiko la baiskeli, au kushindwa kuzuia au kutoa mkojo pamoja na maumivu ya kiuno ni dharura ya saa hiyohiyo, wala si ya kusubiri kesho. Aliyegongwa kichwa akachanganyikiwa hata kidogo hatarudi uwanjani siku hiyo, na kusukumwa shingo si tiba ya hilo.

Shingo ina hatari yake. Kuzungusha shingo kwa ghafla kumehusishwa na kuchanika kwa ukuta wa mishipa ya damu inayopanda kwenye ubongo, na baadhi ya watu wamepata kiharusi. Ni nadra sana, lakini madhara yake ni makubwa mno, na kwa maumivu mengi ya shingo zipo njia za upole zaidi. Mimi siruhusu shingo yangu ipigwe mlio. Nilimwambia tabibu hivyo, akakubali bila kubishana, nalo lilinizidishia imani kwake. Ukifanyiwa kisha ukapata maumivu ya kichwa usiyowahi kuyapata, kizunguzungu, kuona vitu viwili viwili au ulimi kuwa mzito, nenda hospitali moja kwa moja na useme wazi kwamba shingo ilisukumwa.

Sasa ni mwaka wa pili sijachanika. Zoezi la magoti nalifanya mara mbili kwa wiki, na kuinua visigino kila siku ya mapumziko. Mguu wa kushoto umefika 25. Kilomita naongeza kidogo kidogo, na kila wiki ya nne napunguza. Ninaocheza nao mpira wana programu ya FIFA 11+, dakika ishirini za kupasha moto zenye kuruka, kusimama kwa mguu mmoja na zoezi hilohilo la magoti. Kiuno hukaza mara moja moja, hasa baada ya safari ndefu ya kukaa. Kikikaza zaidi ya wiki, namwendea tabibu wangu, mara moja au mbili, basi.

Wengi huniuliza kama waende kwa tabibu wa kairopraktiki kabla ya mashindano. Ikiwa hujawahi kufanyiwa tiba hii, usiifanye kwa mara ya kwanza wiki ya mbio. Uchovu na maumivu madogo ya misuli baada ya kipindi ni kawaida, huisha ndani ya siku moja au mbili, lakini hutaki kuamka nayo siku ya kukimbia. Nenda mapema, wiki tatu au nne kabla, na ubebe daftari lako la mazoezi.