Sampuli ya kipindupindu haitaki jokofu

SWALI: Daktari, shikamoo. Mimi ni mtaalamu wa maabara katika kituo cha afya kilichopo mwambao wa Ziwa Tanganyika. Msimu uliopita wa mvua tulipokea wagonjwa wengi wa kuharisha na kutapika, na kipimo cha haraka kikaonyesha kipindupindu. Tulihifadhi sampuli za kinyesi kwenye jokofu, tukazisafirisha siku ya tatu, lakini majibu yakaja kwamba hakuna bakteria aliyeota, yaani aliyekua maabara. Je, sisi tusio na vifaa tuna mchango gani katika kuichunguza milipuko hii?

JIBU: Marahaba. Majibu hayo hayathibitishi kwamba wagonjwa wenu hawakuwa na kipindupindu. Bakteria wa ugonjwa huu huvumilia joto la kawaida la chumba kuliko baridi, kwa hiyo jokofu, ambalo huokoa sampuli nyingi nyingine, hapa huenda ndilo lililowaharibia kazi. Kinyesi kisichowekwa katika ute wa kusafirishia, yaani ute maalumu unaomweka bakteria hai njiani, kinapaswa kufika maabara ndani ya saa 2 hivi. Kikichovywa kwa kijiti cha pamba na kutumbukizwa katika kichupa chenye ute wa Cary-Blair, bakteria anaweza kuishi hadi siku 7 bila kupozwa, muda unaotosha kwa boti na basi.

Jambo la pili ni dawa. Mgonjwa akishameza antibayotiki, uwezekano wa kumwotesha bakteria hupungua haraka. Chukueni sampuli kabla ya dozi hiyo, ila maji ya ORS na dripu visisubiri maabara hata dakika moja, kwa kuwa upungufu wa maji ndio unaoua, tena kwa saa chache. Kipimo cha haraka nacho ni cha kutambua mlipuko mapema. Hakimpangii mgonjwa tiba, na wagonjwa wa mwanzo lazima wathibitishwe kwa kuotesha bakteria au kwa kipimo cha vinasaba.

Msidhani kwamba kuotesha kunahitaji jengo la kifahari. Chakula cha bakteria kiitwacho TCBS huchemshwa tu, hakipitishwi kwenye mtambo wa kutakasa kwa mvuke, na makundi ya bakteria wa kipindupindu hujitokeza juu yake yakiwa ya manjano baada ya saa 18 hadi 24. Na pale ambapo hata hilo haliwezekani, kinyesi kilichodondoshewa kwenye karatasi ya kuchujia na kukaushwa hutunza vinasaba kwa muda mrefu, ingawa bakteria mwenyewe amekufa.

Mchango wa vituo vidogo nauthamini sana, na nina sababu. Mwaka 2017 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba vya bakteria 1,070 wa kipindupindu kutoka nchi 45 za Afrika, waliokusanywa katika kipindi cha miaka 49. Ulionyesha kwamba tangu mwaka 1970 aina ya sasa ya ugonjwa huu imeingia barani kwetu angalau mara 11, na kwamba aina sugu kwa dawa nyingi zilizoonekana baada ya mwaka 2000 zilitoka Asia. Mitambo ndiyo iliyosoma vinasaba hivyo, lakini kila bakteria alitoka kwa mgonjwa fulani, na kuna aliyemchukua sampuli, akaandika mahali na mwaka, na mwingine akaitunza. Kichupa kisicho na maandishi hayo hakisemi chochote.

Kwa hiyo andikeni katika daftari umri, jinsia, kijiji, siku dalili zilipoanza na chanzo cha maji ya kunywa, na namba ya mgonjwa ifanane na ile ya kichupa. Kwenu ninyi hata jina la mwalo, mahali boti zinapotia nanga, lina uzito: mwezi Mei mwaka 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojazana Kagunga, kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika mkoani Kigoma, kipindupindu kilienea kwa maelfu, na wengi wao walikuwa wakinywa maji ya ziwani. Kisha daini majibu kutoka maabara mliyoitumia sampuli. Ni haki yenu, na naona ni kosa kubwa kwamba mara nyingi hayarudi kwa aliyezichukua.

Vichupa vya Cary-Blair viagizeni sasa, kabla ya mvua. Vikifungwa vizuri hukaa kabatini hadi mwaka mzima, mradi ute haujakauka wala kubadilika rangi.