Kidude changu cha kupimia mafuta, nikiuze laki?

SWALI: Fundi shikamoo. Mi nipo Ngamiani hapa Tanga, kazi yangu umeme wa magari. Nimeunda kidude kwa Arduino, kile kibao kidogo cha kompyuta cha kuprogramu mwenyewe, na skrini ndogo, kinaonyesha gari inatembea kilomita ngapi kwa lita, nimekifunga kwenye IST ya bro kinafanya kazi ila namba zinarukaruka sana. Vifaa vimenitoka kama elfu 50 na watu washaanza kuulizia, nikiuza laki moja nakosea?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, hongera. Bei tutaifikia, kwanza hizo namba. Bila shaka umevuta waya wa nozeli, ile inayopulizia mafuta kwenye injini, na wa sensa ya spidi, na ndo njia yenyewe, kontrol boksi, yaani kompyuta ya gari, inafungua nozeli we unahesabu imekaa wazi muda gani, humo unapata mafuta yaliyopita. Sasa nozeli ikifunga inatupa volti nyingi za ghafla, zinapita mbali zile 12 za betri, na Arduino yako ni ya volti 5, usipoweka optokapla (inapitisha ishara kwa mwanga bila kuunganisha umeme) na rizista ya kupunguza umeme hapo katikati ipo siku itaungua, tena ishaungua kwa mteja. Halafu nozeli inachelewa kidogo kufunguka, karibu milisekunde moja, hiyo itoe kwenye hesabu, la sivyo gari ikiwa imesimama inanguruma tu kidude kitadai inakula kuliko inavyokula. Na ikiwa imesimama usionyeshe kilomita kwa lita maana haitembei, onyesha lita kwa saa. Chukua wastani wa sekunde kadhaa, kurukaruka kutapungua.

Kisha pima. Jaza full tenki, bro azunguke wiki nzima, arudi sheli ileile pampu ileile ajaze tena. Pampu ikisema lita 20 na kidude 18, zidisha lita za kidude kwa 1.11. Kila aina ya gari ina namba yake, usije ukabeba ya IST ukaipachika kwenye Noah.

Laki sio mbaya ikiwa kufunga na kupima vimo humohumo, ukikiuza kikavu watu watakurudishia. Haisi za zamani za dizeli zikataa, nozeli zake zinasukumwa na pampu, hazina waya wa kudaka. Na usimwambie mtu kinapunguza mafuta, kinaonyesha tu, mguu ni wake.

Anza na teksi tatu za watu unaowajua, waachie mwezi, ndo uende SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakuelekeze mambo ya TBS, wale wa viwango vya ubora. Ila mwambie bro akishika njia ya Muheza asikikodolee macho, barabara iko mbele.