Mwenye nyumba kuwatoza wapangaji faini ya bili ya maji

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Napanga Eastleigh. Ploti yetu ina mita moja ya maji, na kila mwezi twamtumia mwenye nyumba pesa ya maji pamoja na kodi kwa M-Pesa. Mwezi uliopita sote tulituma mapema, yeye akachelewa kulipa bili, maji yakakatwa. Sasa anadai shilingi 300 zaidi kila nyumba, ati ni faini na gharama ya kurudishiwa maji. Ana haki hiyo?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullah. Kwa hali uliyoieleza, hana haki. Akizichukua atakuwa amekula mali ya watu kwa batili, jambo lililokatazwa katika Suratun-Nisaa, aya ya 29.

Pesa ya maji si kodi yake. Mlimpa aifikishe kwa niaba yenu, basi hapo yeye ni wakili na pesa ile ni amana. Mafakihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wanasema wakili halipi hasara iliyotokea bila kosa lake. Akizembea, ni juu yake. Hata kama mkataba mliotia sahihi unasema faini zote ni za mpangaji, Mtume (s.a.w.) amesema Waislamu hushikamana na masharti yao, isipokuwa sharti linalohalalisha haramu; na sharti la kuwabebesha kosa lake ni la namna hiyo, haliwafungi.

Lau mpangaji mmoja, mwenye uwezo, ndiye angechelewesha sehemu yake na bili ikakwama kwa sababu hiyo, mwenye nyumba angeweza kumdai yeye peke yake, tena kiasi kile kile kilicholipwa, risiti ionekane. Jirani aliyelipa haguswi: hakuna abebaye mzigo wa mwingine (Al-An'am, 164). Najua ploti nyingi hapa Nairobi faini hugawanywa sawa kwa kila mlango kwa kuwa ni rahisi kuhesabu. Hiyo ni dhuluma. Na kinachozidi risiti, akikitoza kwa sababu tu deni limechelewa, ni riba. Aliyechelewa kwa dhiki angojewe, kama ilivyo katika Al-Baqara, aya ya 280.

Wewe endelea kulipa kodi na maji yako kwa wakati. Usiizuie kodi kwa hasira. Hizo 300 zikatae kwa adabu, mwombe risiti, na akishikilia, wapangaji mwendeeni pamoja na imamu wa msikiti wenu. Mahakama ya Kadhi haitawasaidia katika hili, maana kwa Katiba ya 2010 husikiliza mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi tu.

Wallahu a'lam.