Kabla ya Kuwapeleka Wenzako wa Kazini kwa Farasi

Mimi ni mtu wa Lamu. Nimekulia kwenye vichochoro ambavyo ukikutana na punda aliyebeba mawe, anayepisha ni wewe. Kwa hiyo ofisi yetu Nairobi ilipotangaza kwamba siku ya kujenga timu tutaenda kwa farasi, huko upande wa Karen, niliwacheka waliokuwa na woga. Punda mkubwa tu yule, nikasema.

Nikapewa kamba na farasi jike wa kahawia, nimtembeze hadi kwenye ua na kurudi. Nikamgeukia, nikamkazia macho, nikavuta. Akagoma. Nikavuta zaidi, akainua kichwa na kurudi kinyumenyume, nami naburutwa mchangani wenzangu wakitazama. Saisi, yaani mtunza farasi, kijana ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, akaniambia: "Bosi, umemkabili kama unataka vita. Simama begani kwake, angalia unakoenda."

Nikageuka, nikautazama mkaratusi uliokuwa mbele, nikashusha pumzi, nikaanza kutembea. Kamba ikalegea mkononi.

Hakuna uchawi hapo. Farasi ni windo la wanyama wengine. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa mbele kabisa ya pua na nyuma ya mkia, na uhai wake umetegemea kusoma miili. Kule Berlin alikuwapo farasi aitwaye Hans, aliyesifiwa kwamba anajua hesabu. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst alieleza siri yake: Hans aligonga kwato mpaka aone mtikisiko mdogo wa kichwa cha muulizaji, ambao muulizaji mwenyewe hakujua anaufanya. Muulizaji asipojua jibu, Hans naye hajui. Sasa huyo ndiye unayetaka kumficha hasira ulizotoka nazo kikaoni?

Kilichoniuma zaidi kilikuja mchana. Watu wanane tulitakiwa tumpitishe farasi asiye na kamba kati ya magogo mawili, bila kumgusa, bila kuongea. Tukamzunguka. Kila mtu anapunga mikono kivyake. Akasimama katikati, masikio yakigeuka huku na huku, akanya. Tulipopumzishwa, saisi akauliza, "Mlimwachia mlango gani?" Kimya. Mwezi mmoja kabla, kijana wa idara yetu alikuwa ameacha kazi, kila mmoja wetu akimpa maagizo yake. Hakuna aliyemtaja jina, lakini nilimwona meneja akiangalia viatu vyake.

Basi ukitaka kuandaa siku kama hiyo, cha kwanza uliza nani ataongoza mazungumzo baada ya zoezi. Bila hayo mazungumzo mmelipia picha za simu tu. Hakuna haja ya kupanda. Kazi yote yetu ilifanyika chini, kwa miguu. Uliza pia farasi hao wanahudumia makundi mangapi kwa siku, maana farasi aliyechoka hafundishi mtu, anavumilia tu. Na asiyetaka kumkaribia farasi aachwe, asichekwe (mimi nimeshatubu).

Tiba kwa kutumia farasi ni jambo jingine kabisa. Mwendo wa farasi hutikisa nyonga za aliyempanda karibu kama anavyotembea binadamu, ndiyo maana wataalamu wa viungo humtumia kwa baadhi ya watoto wenye mtindio wa ubongo. Lis Hartel wa Denmark, aliyepooza kwa polio, alipata medali ya fedha ya kupanda farasi kwenye Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952, ilhali kumpanda na kumshuka alisaidiwa. Lakini mwenzako aliyefiwa au anayeandamwa na jinamizi usimfungulie kidonda mbele ya watu wa mauzo. Huyo anahitaji mtaalamu wa afya ya akili aliyesomea kazi hiyo, faragha, na siku zaidi ya moja.

Halafu viatu viwe vya kufunika vidole. Dada wa mapokezi alikuja na ndara, akashinda kwenye benchi akitupiga picha, na ile ya mimi kuburutwa ndiyo iliyobandikwa jikoni ofisini mpaka leo.