Jibu: Warejeshewe waliokatwa kodi ya mapato tu?

Mkuu, umeuliza kama serikali ikirejesha kodi ili kuchangamsha uchumi, wapewe waliokatwa kodi ya mapato peke yao au na wengine. Mimi naanza na wa chini. Kwetu Tanzania mshahara usiozidi shilingi 270,000 kwa mwezi haukatwi PAYE (kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara), lakini mwenye nao akinunua sabuni au vocha, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18 imo humo humo kwenye bei. Hoja ya "hajalipa kitu" haina mashiko.

Halafu hela lazima izunguke. Mpe bodaboda wa Mbagala elfu hamsini leo. Kesho tairi la nyuma limebadilishwa, fundi kapata, mama ntilie kauza wali maharage. Mpe bosi wa Masaki, inalala benki (au inapanda ndege kwenda Dubai, tusidanganyane).

Marekani mwaka 2008 walitoa hadi dola 600 kwa mtu. Wa kipato kidogo wasiodaiwa kodi ya mapato nao walipata 300, mradi wawe wameingiza angalau dola 3,000. Waliozidi 75,000 wakaanza kupunguziwa. Mpangilio huo naukubali. Shida yetu ni kumfikia huyo bodaboda, maana hayumo kwenye orodha ya mishahara ya mtu yeyote. Labda kwa namba ya simu.