Nilimsaka Hasimu Wangu Miezi Minane, Wewe Usijaribu

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii. Mwongozaji wa filamu mwenzake kamshinda tuzo, hapokei simu, haonekani popote, naye anataka kumtafuta "wayamalize". Ndugu yangu, keti kwanza. Njia hiyo nimeipita mpaka viatu vikaisha soli.

Wangu alinibwaga kwenye tamasha ambalo nilikuwa nimeshaiandika hotuba ya ushindi. Jina likaitwa, hakuna aliyesimama. Picha yake hakuna, mahojiano hakuna. Wenzangu wakasema ana haya. Mimi nikasema maringo. Terrence Malick, yule mwongozaji mashuhuri wa Marekani, alikaa miaka 20, toka 1978 hadi 1998, bila kutoa filamu, sawa, lakini yule ni Malick. Huyu bwana ana filamu moja ya dakika 14!

Basi nikageuka mpelelezi. Niliikagua filamu yake fremu kwa fremu, yaani picha moja moja, na sekunde moja ina fremu 24, nikipima kivuli cha dirisha nijue nyumba imeelekea wapi. Nilimnyatia mtu mwenye mkoba wa kamera nusu siku nzima. Kumbe mpiga picha wa harusi. Akanitajia bei, tena nzuri.

Ushauri wa kwanza: fanya kazi yako. Wa pili ni huohuo.

Nilipoishiwa pa kwenda nikafungua diski ya kazi yangu ya zamani. Tukishuti chumbani huwa tunarekodi ukimya wa chumba, nusu dakika hivi, wa kuzibia mapengo wakati wa kuhariri. Nikavaa hedifoni. Kimya. Kimya. Halafu kikohozi nyuma ya ukuta, kikavu, mara mbili. Kisha sauti yangu mwenyewe: "We jirani, huwezi kuugua kimyakimya?"

Kikohozi kilekile kimo kwenye filamu yake. Nilikuwa nimekisikia mara mia nikidhani ni uigizaji.

Jamani, tupunguze kiburi. Tunafokea watu tusiowajua sura, kisha tunazunguka dunia kuwatafuta. Mimi nilipoteza miezi minane sikushuti hata tukio moja, na bado naona aibu kuliandika hili.

Nikabisha hodi kwa jirani yule. Akafungua mzee mwembamba. Nilikwenda na ugomvi, nikajikuta nasema shikamoo.

"Marahaba. Si wewe wa kunyamazisha wagonjwa?"

Akasema filamu yangu aliiona. "Sauti yake safi."

Picha hakuzitaja. Tunaonana kila Jumapili, na mpaka leo hajazitaja.