Kwa mnaoanza kazi kwenye barabara kubwa za mjini: chimbeni mashimo kwanza

Wadogo zangu mnaotoka chuo na kutupwa moja kwa moja kwenye mradi wa kupanua barabara kubwa ya mjini, naomba nianze na usiku mmoja.

Nilikuwa mwaka wa pili kazini, nasimamia uchimbaji wa mtaro wa maji ya mvua, tunafanya usiku maana mchana hatukuruhusiwa kufunga njia. Ramani tuliyopewa inaonyesha bomba kubwa la maji liko mita tatu kushoto kwetu, kwaiyo mimi roho safi kabisa, nikampa opareta wa ekskaveta ishara achimbe. Alipochota mara ya tatu tu nikasikia mlio kama mtu kagonga sufuria, halafu kimya kidogo, halafu maji yakaruka juu kuliko mkono wa mashine yenyewe. Tukaanza kukimbizana kutafuta valvu ya kufungia, na sasa ile ramani iliyotudanganya kuhusu bomba ndo hiyohiyo inatuonyesha valvu ilipo, we fikiria mwenyewe. Valvu tuliipata saa kumi alfajiri, ilikuwa imefukiwa chini ya lami, mtu alishapitisha lami juu yake miaka ya nyuma na kuendelea na maisha yake. Kulipokucha mtaa mzima hauna maji, barabara ziwa, mtaro umerudi kuwa tope na mimi nimesimama na ramani imelowa mkononi.

Tangu siku hiyo naamini kitu kimoja na ndo nitakirudia humu mpaka mchoke: ratiba ya barabara ya mjini haivurugwi na lami, inavurugwa na vile ambavyo hukuviangalia kabla ya kuanza. Vilivyo chini, vilivyo pembeni, na maji. Barabara ya porini unaijenga juu ya ardhi, ya mjini unaijenga juu ya mji mwingine uliofukiwa, kuna maji safi, maji taka, umeme, simu, nyaya za intaneti, pengine na bomba la zamani ambalo hakuna anayejua kama bado lina kitu ndani.

Basi mashimo ya majaribio, ya kuona kilichopo chini kabla kazi haijaanza. Yachimbwe kwa mkono, sururu na koleo, taratibu, sio kwa mashine (mashine ndo tunayoiogopa hapa), na yakate barabara kwa upana, sio kuifuata kwa urefu, maana mabomba mengi yanakwenda sambamba na barabara, ukichimba kwa urefu unaweza kupita katikati ya mabomba mawili usiguse hata moja ukarudi ofisini unasema pako safi. Weka mashimo kwenye kila makutano, kila panapopita kalvati, kila panapokaa nguzo ya daraja la juu. Ukikuta kitu piga picha na rula ndani ya shimo, andika kipenyo, kina, aina ya bomba, na mpima achukue kodineti palepale kabla hamjafukia. Kesho ni kitu kingine, kesho mvua imenyesha na shimo limejaa.

Kuna vifaa vya kisasa pia, rada ya ardhini na vile vya kutafuta nyaya, vitumieni ila mjue mipaka yake. Rada kwenye mfinyanzi uliolowa haioni mbali, na kifaa cha kutafuta nyaya hakiwezi kusikia bomba la plastiki lisilo na waya. Mtafuteni na yule fundi mzee wa mabomba ambaye amezibua mtaa ule miaka yote, mkae naye chini mumuulize, anajua vitu ambavyo havipo kwenye karatasi yoyote. Na msidhani ni shida ya miji maskini tu. Ule mradi mkubwa wa Boston wa kuzamisha barabara kuu chini ya mji ulilazimika kuhamisha zaidi ya kilomita 40 za mabomba na nyaya za makampuni kama 30 hivi kabla hata ya kuchimba handaki lenyewe.

Kitu cha kupigania hapo ni ratiba. Kuhamisha mabomba kufanyike kabla mkandarasi mkuu hajaleta mitambo, kwa sababu mitambo ikishafika saiti halafu ikakaa inasubiri wenye nyaya wahamishe nguzo zao, kila siku inayopita kuna mtu anaandika madai. Na kabla hujaweka lami, pitisha mabomba matupu ya akiba chini ya barabara kwenye kila makutano. Mabomba matupu tu! Ni hela ndogo sana ukilinganisha na aibu ya barabara mpya inayokatwa ndani ya miezi sita kwa sababu kuna mtu anataka kupitisha waya mmoja. Nimeiona hiyo zaidi ya mara moja na inauma.

Twende kwenye mipango maana wengi mnaenda huko. Mtatumwa kuhesabu magari. Hesabuni, ila mkumbuke mtu akikaa kwenye mstari wa taa anahesabu magari yaliyofanikiwa kupita, hahesabu yaliyotaka kupita. Foleni iliyobaki nyuma ndo mahitaji yenyewe, kwaiyo pima na urefu wa foleni, kila robo saa, na uhesabu wanaokata kulia, wanaokata kushoto na wanaonyoosha. Halafu hesabu watu, sio mabati. Basi lililojaa na gari dogo lenye mtu mmoja kwenye fomu nyingi ni tiki mojamoja, na hapo ndo tunapojidanganya.

Njia moja ya magari ikiwa haisimamishwi na kitu, mbele ya taa ya kijani, inapitisha kwa makadirio ya kawaida kama magari 1,800 kwa saa. Sasa ile kijani unagawana na barabara inayokatiza, ukipata nusu ya muda umebaki na nusu ya magari. Maana yake kinachobana mjini ni makutano. Ukiongeza njia mbili kati ya makutano na makutano halafu makutano yenyewe ukayaacha vilevile, umejenga maegesho mapana. Na hata ukipanua kila kitu, barabara ikiwa nyepesi watu wanahamia kwayo, waliokuwa wanatoka mapema wanaanza kutoka saa ya kawaida, waliokuwa wanapita njia za ndani wanarudi, foleni inajijaza tena. Kuna Mjerumani mwanahisabati, Braess, 1968 alionyesha kwa hesabu kwamba kuongeza barabara moja kwenye mtandao kunaweza kumchelewesha kila mtu. Chuoni niliiona kama mchezo wa namba. Siku hizi siioni hivyo. Kama mradi wenu una nafasi ya kuweka njia ya mabasi peke yake, isimamieni mapema kwenye michoro, maana ndo ya kwanza kufutwa hela zikipungua.

Waenda kwa miguu: usichore kivuko ofisini. Nenda saiti asubuhi uangalie uzio ulipokatwa na majani yalipokanyagwa mpaka udongo umekuwa mng'aro, hapo ndo watu wanavuka na wataendelea kuvuka hata ukijenga daraja la ngazi mita mia mbili mbele. Mama mwenye mtoto mgongoni na mzigo kichwani hapandi ngazi zako.

Fidia ya wanaohamishwa kupisha barabara nitapita haraka kwa sababu sio fani yangu, ila injinia asiyeielewa anateseka. Kuna tarehe ya kufunga orodha, baada ya hapo anayejenga kibanda kipya hahesabiwi, na tarehe hiyo lazima itangazwe kila mtu aisikie, mkiiweka kwenye faili tu mtakuta vibanda vimeota kama uyoga. Mpangaji na mwenye nyumba ni watu wawili tofauti, wote wanaumia. Kama hela ni ya Benki ya Dunia, masharti yao yanasema hata asiye na hati ya ardhi anastahili kulipwa jengo lake na kusaidiwa kuhama, ardhi ndo halipwi. Usiende kumwambia mtu "we huna chako hapa" kabla hujasoma hilo.

Sasa tabaka za chini, hapa ndo napenda. Uharibifu wa barabara hauendi na idadi ya magari, unaenda na uzito wa ekseli (ule mhimili unaobeba magurudumu), tena unapanda kama kwa kipeo cha nne. Hii ilitoka kwenye majaribio ya AASHO, chama cha maofisa wa barabara kuu za majimbo ya Marekani, kule Ottawa, Illinois, 1958 hadi 1960, walizungusha malori juu ya vipande vya barabara mpaka vikafa. Ekseli ikibeba mara mbili, uharibifu unakuwa kama mara 16. Kwaiyo magari madogo kwenye hesabu ya unene wa lami ni kama hayapo, wanaokuua ni malori na mabasi. Na mabasi yana tabia mbaya zaidi, yanasimama palepale kila siku, yanapiga breki palepale, lami ikipata joto inasukumwa mbele inajikunja. Ndo maana vituoni tunaweka zege.

Ila zege nayo sio dawa ya kila kitu. Bogotá, kule Colombia, walifungua mabasi yao ya mwendokasi ya TransMilenio mwaka 2000 na muda mfupi tu baadaye bamba za zege kwenye njia kuu zikaanza kupasuka, na tatizo kubwa lilikutwa kwenye tabaka lililokuwa chini ya bamba. Unaona tunarudi palepale, chini.

Kwaiyo ukiwa saiti, kazi yako ni kuangalia kabla hakijafunikwa. Tabaka la kifusi likiandikwa milimita 150 baada ya kushindilia, mkandarasi atataka kumwaga 300 kwa mkupuo mmoja amalize mapema, rola ikipita juu panang'aa kabisa kama sakafu ila nusu ya chini ni laini. Chimba. Usipime juu tu. Sehemu mbaya kuliko zote ni mitaro ya mabomba, ni myembamba, rola haiingii, wanamwaga udongo wanakanyaga kwa miguu wanaondoka, na mwaka ujao unaona mstari umebonyea kwenye barabara mpya, umefuata bomba kama mtu kachora. Simama hapo mpaka mashine ndogo ya kushindilia ije, tabaka kwa tabaka, hata wakikununia.

Lami beba kipimajoto chako mwenyewe mfukoni. Lami ya moto inayofika imepoa haishindiliki hata ukiizungushia rola mpaka jioni, na lori lililokwama kwenye foleni lina tope jeusi ndani, sio lami. Kurudisha lori la kwanza inatisha sana. Mimi mikono ilikuwa inatetemeka, foromani ananiangalia tu. La pili halikuwa tatizo, siku iliyofuata walikuja na maturubai yamefunikwa vizuri bila kuambiwa.

Maji. Anza kuchora mtaro kutoka unapomwaga, urudi nyuma. Wengi wanaanza juu wanashuka, wakifika mwisho wanagundua mto uko juu kuliko mtaro, au hakuna mto, kuna uwanja wa mtu. Na angalieni levo za milango ya maduka na nyumba pembeni, kila mtu akija anaongeza lami juu ya lami, barabara inapanda, siku moja iko juu ya kizingiti na maji yote yanaingia sebuleni kwa watu. Ikibidi kwangueni lami ya zamani kwanza.

Wakati wa ujenzi mji haujazimwa, watu wanaendelea kwenda kazini, gari la wagonjwa linapita, duka linauza. Kila diversheni tembea mwenyewe kwa miguu, mara moja mchana na mara moja usiku, uone kibao kinasomeka au kinaangaliana na ukuta.

Na andika. Kila siku, daftari, hali ya hewa, mashine ngapi zimefanya kazi na ngapi zimelala, nani alikuja akasema nini, picha zenye tarehe. Mikataba mingi ya aina hii inafuata FIDIC, mikataba ya mfano ya shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, na humo mkandarasi ana siku 28 za kutoa taarifa ya dai tangu ajue tukio, zikipita anaweza kupoteza haki yake yote. Ukiwa upande wake utalihitaji daftari, ukiwa upande wa mteja utalihitaji zaidi. Ubishi wa lile bomba langu la usiku ule ulimalizwa na daftari, nilikuwa nimeandika saa tuliyopokea ramani na nani alituletea, mistari miwili tu kwa penseli.

Barabara ikishafunguliwa, sherehe zikaisha, subiri mvua kubwa ya kwanza. Usikae nyumbani. Vaa mabuti, chukua mwavuli na spreyi ya rangi, tembea kutoka mwanzo hadi mwisho ukiwekea alama kila dimbwi lililosimama na kila shimo la mtaro ambalo maji yanalipita pembeni badala ya kuingia. Bado mko kwenye kipindi cha matazamio, mkandarasi anatakiwa kurekebisha. Alama zikikauka piga picha tena, maana kuna jamaa watakuja kuzifuta.